Kiti cha Maj-Lis

Alfajiri Daktari Gunvor Niemi alishuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo lao, akawasha taa zake kubwa na kugawa shuka nyeupe za kuakisi mwanga. Majirani walikuwa wamemwachia zamu zao za kufua za asubuhi. Ilikuwa Desemba, mjini Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden, jua halichomozi, na wagonjwa wake walijitanda shuka, wakanywa kahawa wakiukabili mwanga.

Ujana wake wote aliumaliza akichunguza huzuni inayoletwa na kiza cha majira ya baridi. Alifungua chumba cha mwanga hospitalini, mkurugenzi Staffan Lilliehöök akakifunga: watu hawatibiwi kwa balbu, alisema. Taa zikatupwa, Gunvor akaziokota. Lakini Maj-Lis, mpishi wa shule, hakuzingoja. Alikuwa amemlilia mkurugenzi arudishiwe kiti chake mbele ya taa, akaambiwa anunue vitamini. Kabla ya theluji kuyeyuka akajitoa uhai.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Staffan mwenyewe, macho yamezama, ndevu hazijanyolewa.

"Gunvor, nimekwisha," alinong'ona. "Asubuhi siwezi hata kuinuka kitandani. Niazime taa moja nikakae nayo nyumbani."

"Si balbu tu hizi, Staffan? Zitakufaa nini?"

"Usinitese, Daktari. Lile agizo lilitoka juu."

"Na aliyefunga mlango?"

Staffan akanyoosha mkono kuelekea taa iliyokuwa karibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Taa haiazimwi," alisema Gunvor. "Jitande shuka, ukae na wenzako."

Kiti kitupu kilikuwa kimoja tu, kando ya Tauno, mume wa marehemu Maj-Lis. Tauno alikuwa akimwekea mkewe kiti kila asubuhi, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Gunvor angeweza kuleta kingine kutoka nyumbani kwake. Hakuleta. Moyo wake uliburudika, wala hakuona haya.

Vikombe vikatulia mikononi. Tauno akamtazama mgeni kuanzia viatu hadi utosini.

"Kaa tu, bosi," alisema. "Mwenyewe hakihitaji tena."

Staffan alikaa, akajifunika shuka hadi kidevuni, akainama.

"Inua uso," Gunvor alimwambia. "Ukiangalia sakafu hutapona."

Kisha akaivuta taa karibu naye, wote wapate kumwona vizuri.