Kibibi Haitiki

"Mama, mtoto wako ana shida ya bihevia," mwalimu alisema, na Ibtihal akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Hakuelewa. Alisimama pale mlangoni pa nasari, mkono mmoja umeshika ncha ya buibui, mwingine umeshikwa na binti yake, akimsikiliza yule mwalimu mgeni kutoka bara aliyezungumza kwa upole kabisa. Mtoto haitiki, alisema. Akiitwa, kimya. Akiulizwa jina, anainamisha kichwa. Akisogelewa, machozi. Ama ni mkaidi, ama masikio yana kasoro. Na mwezi ukiisha hivi hivi, wenzake watapanda darasa la kwanza na yeye atabaki.

"Atabaki?"

"Si adhabu, mama. Lakini nimpandishe vipi mtoto ambaye hata jina lake hajapata kuitikia?"

Neno hilo lilimchoma Ibtihal pabaya. Yeye mwenyewe alibaki. Kule kwao Kizingitini, wenzake walipovaa sare mpya, yeye aliachwa nyumbani kulea wadogo zake, na sasa, mke wa mtu katika mji wa Amu, ndiyo kwanza anakwenda kisomo cha jioni kuokota alichokiacha. Alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba binti yake hataokota kitu ukubwani.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Kibibi hakufunga mdomo. Mbona yule punda amelala katikati ya njia? Punda ana mama? Alipowakuta wazee barazani alinyamaza, akawaamkia, akawabusu mikono mmoja mmoja, kisha akaendelea pale pale alipoachia: na mama yake punda yuko wapi? Ibtihal alimtazama. Huyu ndiye asiyesema?

Alasiri aliamua kumpima masikio mwenyewe. Aliingia jikoni, akageukia ukuta, akanong'ona: "Halua imebaki kipande."

"Naja!" Kibibi alijibu kutoka chumba cha ndani kabisa.

Basi masikio ni mazima. Ibtihal akamwendea mavyaa yake, mama wa mumewe Shekhan, aliyekuwa akichambua mchele uani, akamweleza yote. Mavyaa aliweka ungo chini.

"Mkaidi nani? Kibibi? Huyo mwalimu wako amepotea ndia. Mtoto akisemezwa na mtu mzima akainamisha kitwa, hiyo ndiyo adabu. Alitaka amtolee mato?"

"Anasema ni bihevia, Mama."

"Basi mwambie sisi hatuna. Kwetu kuna adabu tu."

Ibtihal alirudi jikoni kichwa kikimzunguka. Jambo moja, mtoto mmoja: shuleni ukaidi, nyumbani adabu. Na yeye katikati, hajui amkemee au ambusu.

Baada ya magharibi alikwenda kisomoni. Alikaa kwenye benchi pamoja na shoga yake Israa, na kabla mwalimu wao, Bwana Jeilani, hajafuta ubao, akanyoosha mkono. "Bwana, bihevia ni nini?"

"Wallahi ni ugonjwa," Israa akadakia. "Mume wangu anao."

Darasa zima likacheka. Bwana Jeilani naye alicheka, kisha akaandika ubaoni: tabia. Chini yake akaandika: mwenendo. Akasimama kidogo, kama naye hajaridhika.

"Tukisema fulani ana tabia mbaya, tumeshamhukumu," alisema. "Mvivu, mkaidi, mpole, hayo ni majina tunayobandika. Bihevia, kwa nijuavyo, ni lile analolifanya mtu, lile unaloliona, kabla hujalibandika jina. Sasa wewe, hilo jambo lenyewe umeliona?"

"Sijaliona. Nimehadithiwa."

"Basi nenda ukalione kwanza. Maana yake tutaitafuta baadaye."

Asubuhi Ibtihal aliomba ruhusa, akaketi nyuma ya darasa kwenye kiti kidogo kilichompandisha magoti mpaka karibu na kidevu. Kibibi alikuwa akicheka na mwenzake mmoja huku wakinyang'anyana kalamu ya rangi. Hakukuwa na ukaidi wowote. Mwalimu akaanza kuita majina.

"Zein!"

"Nipo!"

"Iman!"

"Nipo!"

"Ummu!"

Ibtihal alishtuka, akainamisha kichwa. Ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa chumba yeye akivaa. Alipoinua macho alimwona Kibibi: kichwa chini, mikono mapajani, vile vile kama yeye.

Hapo ndipo akili ilipomjia. Ummu ni jina la mavyaa yake. Mtoto alipozaliwa, Shekhan alimpa jina la mama yake, kama ilivyo ada, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwita. Mke hatamki jina la mavyaa yake, na mwana hamwiti mama yake kwa jina. Ndiyo akawa Kibibi. Na kuna siku alilisikia lile jina kwa wageni, akalirudia, akapigwa kikofi cha mdomo: jina la mtu mzima halitajwi! Kikofi hicho alikipiga Ibtihal. Shuleni aliandikishwa na baba yake, na Ibtihal hata hakuwaza ni jina gani limeandikwa. Kwake yeye mtoto alikuwa Kibibi tu.

"Mwalimu," Ibtihal alisema wakati wa mapumziko, "mtoto anadhani unamwita bibi yake."

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shavu. "Sasa mama, mwambie wewe. Mwite hapa, kwa jina lake, akusikie."

Ibtihal alimgeukia binti yake. Akafungua mdomo. Midomo ilikutana kwenye ile herufi ya m, na jina likagoma kutoka. "Siwezi," alisema, na kwa mara ya kwanza mwalimu akamtazama jinsi alivyokuwa akimtazama mtoto.

Mavyaa alipoambiwa aliusukuma ungo kando.

"Yaani wataka mtoto aniibie jina, na mimi ningali hai?"

"Mama, asipoitika atabaki. Kama nilivyobaki mimi."

Kesho yake, Ibtihal alipomvika Kibibi viatu, alimkuta mavyaa yuko mlangoni amejifunika buibui tayari. Walifuatana mpaka shuleni. Mbele ya darasa lote mavyaa alichuchumaa, magoti yakimuuma, akamshika mjukuu wake kidevu.

"Jina langu ni Ummu. Nawe nimekupa. Ukiitwa, itika."

"Hutakasirika?"

"Nitakasirika usipoitika."

Mwalimu aliita. Kibibi alimtazama bibi yake, akamtazama mama yake, akavuta pumzi. "Labeka!" Sauti ilipanda mpaka kwenye mabati. Mwalimu alicheka, akamwambia Ibtihal kwamba akiendelea hivi, darasa la kwanza ni lake. Ibtihal alilia kidogo ndani ya buibui, wala hakujali nani anamwona.

Jioni jirani alipiga hodi. "Ummu! Ummu yuko?"

"Labeka!" Kibibi alichomoka mbio, akafika mlangoni kabla bibi yake hajainuka kwenye mkeka. "Nipo! Wasemaje?"

Jirani aliduwaa. Mavyaa alimgeukia Ibtihal, nyusi juu. "Haya, msomi. Hii nayo tabia gani?"

Ibtihal akamtazama mtoto pale mlangoni, kidevu juu, mikono kiunoni, akingoja kuambiwa kilichomleta jirani. Alijua alichokiona. Jina la kukibandika hakulipata, na hakujua kama ni yeye anayepaswa kumkemea au ni mavyaa aliyempa jina.

"Sijui, Mama," alisema. "Hebu tumwangalie kwanza."