Nyumba Iliyokandikwa kama Kifaru

Watu wa Mzenga tunaamini mambo mengi. Tunaamini mashetani ya mtoni, tunaamini bundi, tunaamini hata ahadi za wanunuzi wa korosho. Lakini mwaka ule wa arobaini na sita, Matano aliporudi vitani na kutuambia kwamba Wajerumani walikuwa wakikandika vifaru vyao kama sisi tunavyokandika nyumba, tulicheka mpaka tukashika mbavu.

"Mjerumani tunamjua," wazee walisema. "Alitutawala. Huyo wa kiboko na kamba, leo ashike udongo?"

Mimi nilikuwa jirani yake, milango yetu ilitazamana, na sikucheka sana. Matano hakuwa mtu wa kutunga maneno. Kabla ya vita, ukimuuliza kama muhogo umeiva, hakujibu mpaka afunue sufuria aangalie.

Aliyemponza ni Zahoro. Zahoro naye alikwenda na vibarua wa jeshi, akarudi mapema, ana nishani kifuani na ulimi wa asali. Alisimama kwenye baraza ya duka, watu wamejaa.

"Kifaru cha Mjerumani nimekishika kwa mkono huu, kule Libya," alisema. "Chuma kitupu, kimepakwa rangi ya mchanga. Lipu iko wapi?"

"Wewe ulirudi kabla," Matano akamjibu. "Vile vya Libya havikuwa na lipu, husemi uongo. Walianza baadaye. Mimi niliviona Italia. Lipu ya manjano, ngumu, imechorwa matuta membamba kama ya viazi, nayo iliishia pale mkono wa mtu unapofika. Juu zaidi hawakupaka."

"Ya kazi gani?"

"Kuna bomu la sumaku. Adui analibandika kwenye chuma, anakimbia. Likikuta lipu halishiki."

"Na sisi tulikuwa na mabomu hayo?"

Mtu mwingine angedanganya hapo, akaokoka. "Waingereza walituambia hawakuwa nayo," Matano alisema. "Yalikuwa ya Wajerumani wenyewe."

Baraza zima likaangua kicheko. Mtu anaweka komeo kumzuia mwizi, kumbe mwizi ni yeye mwenyewe! Tangu siku hiyo jina lake likawa Matano Lipu.

Mambo yangeishia kwenye utani kama asingekandika nyumba yake. Alikandika kuta zote za nje kwa udongo wa manjano, akachora matuta kwa kibao alichokichonga meno, mpaka kimo cha mkono wake. Juu ya hapo aliacha fito wazi. Mvua ikikwangua tuta moja, aliacha chakula akaenda kulichora upya. Hapo hata wacheshi wetu waliona afadhali wapite njia nyingine.

Nilimuuliza mkewe, Sikudhani, wakati ule ana mimba kubwa: "Mwenzangu, unaishije humu?"

"Shoga, matuta yakiwa mazima, mume wangu analala," alinijibu. "Yakibomoka, kuna kitu kinagonga."

"Kinagonga wapi?"

"Sijui. Nakisikia tu. Ngo, ngo, ngo. Halafu kinasita, kama mtu anayetega sikio kujua kama amesikiwa."

Mchana kweupe, jua linawaka, nilirudi kwangu mwili umenisisimka. Niliogopa, nami sioni haya kusema hivyo.

Sikudhani akajifungua mtoto wa kike. Habari za mkwe aliyegeuza nyumba kuwa kifaru zilikwishafika Kwala, kwa wazazi wake. Baba yake, Mzee Jumbe, akatuma neno: atakuja kwenye arubaini ya mjukuu, na akikuta mkwe ana wazimu, ataondoka na binti yake pamoja na mtoto. Sikudhani alilia kwangu siku nzima. "Sitaki kwenda," alisema. "Nampenda, na wazimu hana. Lakini baba akisema, amesema."

Mama yake, Bi Biubwa, alitangulia, kama mama wote wanavyowatangulia wageni wa arubaini. Kwao alisifika kwa mkono wa kusiriba kuta. Alipoziona zile kuta alishika kiuno. Alimpenda binti yake, hakutaka mumewe aione aibu ile, tena kwetu nyumba ya arubaini hukandikwa upya. Basi asubuhi ya sherehe akakanyaga udongo, akaanza kufuta matuta na kuziba fito.

Nilimwambia aache. Alinitazama kama kuku aliyeingia jikoni.

Na Matano? Matano alikuwa amejibanza nyuma ya jiko. Kwetu mume hasimami mbele ya mama mkwe wake wala hamwinulii sauti. Hata wakikutana njiani, anaingia majanini mpaka mama apite. Vita vyote vile havikumwondolea adabu hiyo. Nilimwona ameziba mdomo kwa mikono miwili, akitazama kiganja cha yule mama kikiteleza juu ya matuta.

"Mwambie tena, dada," alininong'oneza. "Nakuomba."

Nilimwambia tena. Nikaambiwa mambo ya ukweni hayamhusu jirani. Jua lilipofika utosini, nyumba ilikuwa laini kama yai.

Mzee Jumbe alifika na watu wake, akapapasa ukuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mbona nyumba ni nyumba tu?" alisema. Sikudhani akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Wageni walikaa mikekani, Zahoro akiwa mmoja wao na nishani yake. Dua ikasomwa. Wali ulikuwa unapakuliwa tulipoisikia ile sauti.

Ngo, ngo, ngo.

Polepole, bila haraka yoyote. Nyumba ya udongo haina sauti ya chuma, na hii ilikuwa ya chuma, nene, kitu kikubwa chenye uwazi ndani. Ikasita. Ikarudi tena.

Bi Biubwa alitoka ndani mbio, mtoto kifuani. Vijana walizunguka nyumba, hawakuona mtu. Mzee Jumbe alitega sikio ukutani. "Haitoki humu," alisema.

Tuliifuata, sote. Ilitupeleka nyuma ya jiko. Matano alikuwa amechutama, ametupa mgongo, mikono yake yote miwili iko magotini, haigusi kitu. Ngo, ngo, ngo.

Bi Biubwa alifanya jambo ambalo sijaona mama mkwe akilifanya. Alimpa Sikudhani mtoto, akamwendea mkwe wake, akamwekea kiganja mgongoni. Aliuondoa mkono kama aliyeshika chungu cha moto.

"Ya Rabi," alisema. "Inagonga humu ndani yake."

"Nisamehe, mama," Matano alisema bila kugeuka. Hata wakati ule alimchungia heshima. "Kulikuwa na kifaru kimeachwa njiani. Maafisa walitaka kupima unene wa lipu, nikaambiwa niibandue. Nikashika patasi. Kukawa kunagonga. Nikamwambia sajenti, akasema chuma kinatanuka kwa jua, endelea. Nikaendelea. Kila nikipiga patasi, na ndani kunapigwa, kama kunanijibu. Baadaye kukanyamaza. Walipokuja kufungua, kesho yake, alikuwemo kijana mmoja. Vifundo vya vidole vyake havikuwa na ngozi."

Ile sauti tu ndiyo iliyoendelea, ikisita na kusikiliza.

Mzee Jumbe akakohoa. "Sikudhani," alisema, "chukua mtoto na nguo zako. Tunakwenda."

Sikudhani aliniwekea mtoto mikononi. Alikwenda kwenye udongo uliobaki, akachota kwa mikono miwili, akamvua mumewe shati, akaanza kumkandika mgongo. Mbele ya baba yake, mbele ya wageni, mzazi aliyetoka kumaliza arubaini. Alikandika kuanzia mabegani mpaka kiunoni, kisha akapitisha vidole vyake, akachora matuta, moja baada ya jingine. Machozi yalimdondoka wala hakuyafuta. Kila tuta lilipotimia sauti ilififia, kama mtu anayerudi nyuma ndani ya pango refu. Alipochora la mwisho, tulisikia kuku wakiparua.

"Siendi, baba," alisema.

Nilimwonea huruma Mzee Jumbe, maana hakuna baba aliyefundishwa la kusema hapo.

Ndipo Zahoro alipotoka nyuma ya watu. Tulimpisha, tukidhani anakuja na maneno yake. Alivua shati, nishani ikaanguka mavumbini naye asiinamie, akaketi chini kando ya Matano, akampa Sikudhani mgongo.

"Wangu hagongi, shemeji," alisema taratibu. "Wangu anaomba maji."

Tulitega sikio sote, na kweli tukamsikia.