Mtoto Kwenye Runinga Mbovu

Hakuna runinga iliyowahi kunishinda. Yenye kisogo, bapa, iliyopigwa radi, iliyomwagiwa uji: ikifika mikononi mwangu, itasema tu. Waulize majirani. Dada yangu msimuulize.

Dada alikuwa na mimba ya miezi saba alipokwenda altrasaundi, mimi na shemeji tukimsindikiza. Mpimaji alimpaka jeli baridi tumboni, akapitisha kifaa. Ana kawaida yake huyo: akiona jambo baya, hugeuza skrini ukutani. Mkono wa skrini haujawahi kuonja grisi, unalia kama bawaba ya lango, na kina mama walio kwenye benchi nje wakiusikia huacha kupiga soga.

Ukalia.

"Nimwone kidogo tu," dada akasema.

"Tulia, mama."

Daktari alimwita shemeji koridoni. Shemeji akarudi uso umemshuka. "Amesema upumzike."

Jioni hiyo mtoto alitokea kwenye runinga ya sebuleni, ambayo ilikuwa imeungua. Alikuwa wa kijivu, amejikunja, kidole gumba mdomoni. Shemeji alisogeza kiti asimzibe. Kichwa kilikuwa kikubwa, na ndani yake mlikuwa na madimbwi mawili meusi, ubongo umesukumwa pembeni kama vyombo vya mpangaji anayefukuzwa.

"Ana maji kichwani," dada akasema. "Na wewe ulijua."

Shemeji akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Tangu hapo dada alikula mbele ya runinga, akalala mbele ya runinga. Alikuwa akifuma kofia. Kila ikikaribia kwisha alikitazama kile kichwa, akaifumua, akaanza nyingine kubwa zaidi.

"Pua kachukua kwa mjomba wake," alinichokoza. "Maskini mwanangu."

Shemeji akanivutia mlangoni. "Itengeneze, fundi. Ikiwaka, mtoto ataondoka. Dada yako anajiumiza bure."

Nikaifungua. Nikapuliza vumbi, nikagonga hapa na pale, nikakuna kichwa. "Imenishinda."

"Fundi wa mdomo!" shemeji akasema.

Kliniki iliyofuata, mpimaji alipitisha kifaa tumbo zima. "Hayupo," akasema, kama karani anayekwambia bosi katoka. "Mmemwacha wapi?"

"Nyumbani, kwenye runinga," dada akajibu.

"Sasa mbona hamkuja naye? Kamleteni, foleni ni ndefu."

Nikaenda kuibeba, mgongo unaniuma hadi leo. Tuliilaza kitandani ubavuni mwa dada. Mpimaji akayapima madimbwi kwa rula juu ya kioo. Dada akanyoosha mkono amguse mtoto shavu. Mpimaji akaikamata runinga yetu kwa mikono miwili, akaigeuza ukutani.

"Ni wangu huyo," dada akasema.

"Tulia, mama."

Na daktari akamwita shemeji koridoni.

Nyumbani nikairudisha mezani. Mtoto alijinyoosha kidogo, kama aliyechoshwa na safari, akarudisha kidole mdomoni. Dada akaketi, akaokota uzi.

"Ijaribu tena," shemeji akaninong'oneza. "Tafadhali."

"Shemeji, nimekwambia imenishinda. Imeungua hadi roho."

Dada hakuinua macho kwenye kofia.

"Fyuzi yake iko kwenye mfuko wako wa shati tangu siku ile ulipoifungua," akasema. "Iache huko huko."