Salamu Maria Nne

Vitambaa vya altare vinafuliwa mara mbili. Maji ya kwanza hayatiwi sabuni, na hayamwagwi mtaroni. Yanamwagwa ardhini mahali pasipokanyagwa, kwa sababu kitambaa kilichofuta kalisi, kikombe cha divai ya misa, huenda kimebeba tone la Damu ya Bwana. Mimi huyamwaga kwenye shina la maua mekundu nyuma ya nyumba. Baada ya hapo ndipo sabuni, suuza, anika kivulini, nyunyizia maji kidogo, piga pasi. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa na sijawahi kuunguza hata uzi.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa napiga pasi. Pasi yangu ni ya mkaa, nzito, niliachiwa na marehemu mama mkwe, na ndoano ya kifuniko chake imelegea kitambo. Nilikuwa nimekunja vitambaa vinne na kushika cha tano binti yangu alipoingia kwa mlango wa nyuma, mtoto kambeba ubavuni. Binti huyu ni kitindamimba wangu. Hakunisalimu. Alifungua kiganja akaniwekea kitu mezani. Jino. Lilikuwa na mzizi wake wote, na kipande cha ufizi kimeganda juu yake.

"La tatu hilo," akasema. Mdomo ulikuwa umevimba, maneno yakitoka kama ya mtu anayetafuna. "Yale mengine mawili sikukuletea."

Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa. Shingoni kulikuwa na alama za vidole. Nilizihesabu bila kutaka, nne upande huu na moja upande ule.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti yote ya kanisa letu katengeneza yeye, na nondo za madirisha ya nyumba ya paroko. Tena ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, ile inayokutana kila Jumamosi saa kumi alasiri kusali rozari, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Ana sauti nene nzuri. Akianzisha wimbo, hata wanaosinzia huamka. Alipomwoa binti yangu watu walinipongeza, na mimi nikavimba kichwa.

Mara mbili binti yangu alimkimbia, na mara mbili nilimrudisha mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Mara ya kwanza alikuwa amevunjwa mkono. Plasta ilikuwa bado mbichi nilipompeleka. Nilimwambia ndoa ni sakramenti, mwanangu, beba msalaba wako. Mara ya pili mkwe wangu alitufungulia geti akasema, "Asante mama kwa kunirudishia," kama mtu aliyerudishiwa mwavuli wake. Nikaenda zangu nimeridhika, na usiku ule nililala vizuri.

"Mama," binti yangu akasema, "ukinirudisha tena, nguo ya kunizikia uipige pasi leo hii hii, maana pasi iko moto."

"Hurudi."

"Sema tena."

"Hurudi. Labda anipitie mimi kwanza."

Akakaa chini sakafuni, mtoto mapajani.

Sasa nieleze kosa langu. Siku hiyo jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Ningeweza kupeleka ujumbe kwamba naumwa. Lakini zamu yangu haijawahi kurukwa, na nikajiambia kwamba watu kumi na wawili wakiwa ndani, wamepiga magoti, rozari mikononi, hakuna mwanamume atakayethubutu. Niliwaona wanajumuiya kama ukuta. Nikamfungia binti yangu na mjukuu wangu wa miaka mitatu chumba cha ndani, nikamwambia mtoto aingie mvunguni acheze kimya. Komeo la mlango ule alilichomelea mkwe wangu mwenyewe, zawadi ya Krismasi. Hilo nalo sikulifikiria. Pasi niliiweka juu ya tofali pale pale kando ya mlango, na mkaa wake ndani, nikiwa na nia ya kumalizia kile kitambaa cha tano baada ya sala.

Saa kumi wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa katekista, mzee mwembamba mwenye koti lake la siku zote. Nyuma yake fundi cherehani, mwanamke mnene tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Huyu hutembea na kigoda chake mwenyewe kwa ajili ya magoti mabovu. Mkwe wangu aliingia wa mwisho, shati jeupe, kanyoa ndevu, kitabu cha jumuiya kwapani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," tukaitikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema.

Redio akamtazama mkono wa kulia. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka, vibichi.

"Mwenyekiti, umepigana na geti nini?"

"Chuma kilinirukia, dada."

"Basi hicho chuma kina meno!"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, huku macho yake yakizunguka chumba polepole: kiti, kabati, mlango wa ndani. Hakuuliza mkewe yuko wapi. Na hakuna aliyemuuliza.

Ni lazima niseme jambo moja kuhusu jumuiya yetu. Sisi tuna sharti: tendo la rozari, yaani zile Salamu Maria kumi, likianza, halikatwi. Mwaka mmoja upepo uling'oa mabati ya nyumba ya katekista tukiwa katikati ya sala. Mvua ikatunyeshea, na hakuna aliyeinuka mpaka Salamu Maria ya kumi na Atukuzwe. Paroko akatusifu altareni mbele ya parokia nzima. Tangu hapo ndiyo ikawa fahari yetu. Mtu akizimia tunamsogeza kando tukaendelea.

Ilikuwa Matendo ya Furaha. La kwanza likapita, la pili likapita. La tatu, kuzaliwa kwa Bwana, lilikuwa la katekista kuongoza. Alipomaliza Baba Yetu na kuanza Salamu Maria ya kwanza, kutoka chumba cha ndani kikasikika kisauti chembamba: "Mama, maji."

Mkwe wangu alifumbua macho. Akaibusu rozari yake, akaiweka mfukoni mwa shati, akainuka. Alipita katikati ya watu waliopiga magoti kwa adabu kabisa, akiinama kama mtu anayekwenda msalani. Akaushika mlango, akaunyanyua kidogo kwa bega namna anayoijua aliyelitengeneza lile komeo, na komeo likatoka lenyewe. Akaingia. Mlango ukarudi nyuma yake.

Kipigo cha kwanza kilitoa mlio wa mtu anayeangusha gunia la mahindi. Cha pili kilikuwa na sauti ya binti yangu ndani yake. Kisha kitanda kikagonga ukuta.

Katekista alipandisha sauti. Nasi tukapandisha sauti. Mwenyezi Mungu ni shahidi wangu kwamba nami nilipandisha. Kila mtu alikaza macho yake kwenye punje za rozari yake, shingo zimetoka mishipa, tunasali kama tunagombana. Katikati ya maneno nilisikia kichwa kikigonga saruji. Nilisikia, "Unanitoroka? Unanitoroka mimi?" Nilisikia mjukuu wangu akiita Bibi. Vidole vyangu vilisukuma punje ya pili, ya tatu, ya nne.

Nilisali Salamu Maria nne.

Ya tano sikuimaliza. Sauti ya binti yangu ilikatika, si kama mtu aliyenyamaza, bali kama mtu aliyezibwa, na hapo ndipo miguu yangu ikasimama yenyewe. Redio akanishika gauni.

"Tendo, mama, tendo!"

Nikalivuta gauni likachanika. Nikaiokota pasi.

Ndani alikuwa amemkalia binti yangu kifuani, mikono miwili shingoni, vidole vikiwa pale pale penye alama za asubuhi. Damu ilikuwa sakafuni, ukutani, kwenye shuka. Uso wa mwanangu ulikuwa umegeuka rangi nisiyoijua. Niliinua pasi kwa mikono miwili nikaishusha kwenye bega lake, nikasikia mfupa. Ile ndoano iliyolegea ikaachia, kifuniko kikafunguka, na mkaa wote ukamwagikia shingoni na kuingia ndani ya shati jeupe.

Sijawahi kusikia mwanamume akilia vile. Alijirusha, akagonga kabati, akanigeukia, mkono mmoja ukining'inia. Alinipiga teke la tumbo nikaanguka kando ya mvungu, uso kwa uso na mjukuu wangu. Akanikanyaga kiganja. Vidole viwili vilivunjika, na mpaka leo havikunji kitambaa sawasawa. Akaokota pasi tupu, akaiinua juu ya kichwa changu. Nikafumba macho.

Nilichosikia ni kishindo cha mbao. Redio alikuwa mlangoni, kigoda chake mkononi, kakishusha kwenye goti la mwenyekiti wetu. Akakishusha tena.

"Hii ya kwangu!" akafoka, machozi yanamtoka. "Na hii ya geti lako! Kula basi! Nyie wanaume mmepiga magoti huko mnamngoja nani, malaika Gabrieli?"

Ndipo sala ikakatika. Wanaume wanne wakaingia wakamkalia, wakamfunga kwa mkanda wake mwenyewe. Binti yangu alikuwa anavuta pumzi kama msumeno. Kichwani pamepasuka, damu inaruka. Nikatafuta kitu cha kukandamizia, na kilichokuwa karibu ni kile kitambaa cha tano, cheupe, chenye msalaba mwekundu katikati. Nikakikandamiza pale kwenye jeraha. Kilijaa mara moja.

Tuliwapeleka wote wawili hospitali kwa gari moja la kubebea mchanga. Redio ndiye aliyepanga viti. "Huyu mbele. Yule nyuma kwenye mchanga, na mkimhurumia mtanitambua."

Binti yangu alipona, ila sikio la kushoto halisikii tena. Mkwe wangu alilazwa chini ya ulinzi wa polisi.

Siku ya tatu nilikwenda kuungama, mkono umefungwa. Paroko alidhani amejua ninacholeta. Akaanza kuniambia kwamba kuokoa uhai wa mtu si dhambi ya namna ile. Nikamwambia, "Baba, sikuja kwa ajili ya pasi. Nimekuja kwa ajili ya Salamu Maria nne. Na mara mbili nilizomrudisha."

Niliona kupitia vijitundu vya wavu ule wa kiti cha kitubio amejishika paji la uso.

"Mara ya pili," akasema hatimaye, "binti yako alikuja kwangu kwanza. Mimi ndiye niliyemtuma kwako."

Akanipa malipizi, naye akasema atayafanya pamoja nami. Malipizi hayo siyaandiki.

Jumatatu iliyofuata katekista alinikuta nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimekiloweka kile kitambaa siku kadhaa, nikibadilisha maji, nakisugua kwa mkono mmoja. Beseni lilikuwa jekundu.

"Bado unakifua? Kitupe, mama, kimenajisika."

Nilibeba beseni nikalimwaga taratibu kwenye shina la maua, mahali pale pale.

Akaguna, akavua kofia. "Nimetoka hospitali. Mkweo analia kama mtoto. Anaomba msamaha. Anasema akitoka, mkewe arudi, waanze upya. Ndoa ni ndoa, mama, wewe mwenyewe ulikuwa ukisema."

"Nilikuwa nikisema."

"Kwa hiyo?"

"Msamaha atapewa. Mwambie namsamehe, na kila asubuhi nitamwombea. Mke hapati." Nikamwonyesha vidole vyangu. "Na wewe, kaka yangu, nikuulize. Ulipopandisha sauti, ulikuwa unamsikia au humsikii?"

Mzee aligeuza kofia mikononi, akaigeuza tena.

"Nilikuwa namsikia," akasema.

Jumamosi ya wiki hiyo jumuiya ilikuwa kwa Redio, kati ya cherehani na marundo ya nguo za watu. Binti yangu alikuja, kafunga kilemba juu ya nyuzi. Alichagua kukaa ukutani, sikio zima limeelekea mlangoni. Katekista alianzisha tendo la kwanza. Tulikuwa kwenye Salamu Maria ya sita au ya saba kitu kilipoanguka jikoni, paa! Binti yangu alishtuka akajikunja, mikono kichwani.

Tendo likakatika. Hakuna aliyetoa amri. Watu kumi na mmoja walinyamaza katikati ya neno, na wawili walikuwa tayari wamesimama. Redio alikuwa ameshashika kigoda chake. Akaingia jikoni, tukasikia matusi yasiyofaa kuandikwa, akatoka.

"Paka. Kaangusha sufuria, mwana haramu huyu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Binti yangu alishusha mikono polepole, akatutazama mmoja mmoja: watu wazima, rozari zikining'inia, tumesimama kwa ajili ya paka.

"Tulifika ya ngapi?" katekista akauliza.

Hakuna aliyejua.

"Basi tuanze upya," binti yangu akasema kwa mdomo wake wenye mapengo, na akaanza yeye.