Mtungi wa Floribert

Alphonse hakuzaliwa kulinda lango. Ujana wake wote aliumalizia katika ukumbi wa kusafishia shaba, akiangalia mabamba yakivuta madini kutoka kwenye tindikali mpaka yanatoka mekundu na safi, tayari kwa safari ya ng'ambo. Zamani hizo hakuna mtu wa Likasi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, aliyehitaji kufundishwa maana ya biashara ya nje. Treni iliteremka kusini imebeba shaba, ikarudi na unga, dawa, sabuni na vipuri. Hata gauni la mtoto la Noeli, ungelifuatilia lilikotoka, ungefika kwenye shaba.

Kisha migodi ikachoka. Mashine zikaharibika na vipuri visije, madini ya Kambove yakawa yanafika kwa kudonadona, na kadiri shaba ilivyopungua kwenda, ndivyo na vya kurudi vilivyopungua. Kufikia mwaka wa tisini na tano ukumbi ulikuwa kimya. Alphonse akapewa kofia na filimbi, akawekwa kwenye lango la karakana kuu.

Kazi hiyo ilimkondesha. Watu walikuwa wameanza kuila kampuni kipande kwa kipande: leo waya, kesho bomba, keshokutwa mota nzima. Walanguzi walisubiri nje wavipeleke mpakani mwa Zambia. Mlinzi akiziba njia, majirani wanamnunia. Akifumba macho, anafukuzwa. Na Alphonse alikwisha kudanganywa vibaya. Siku moja mafundi seremala walitoka na jeneza walilomchongea mwenzao aliyefiwa, wakilia na kuimba. Akavua kofia, akafungua lango. Walipokwisha kukunja kona ndipo alipojiuliza kwa nini jeneza tupu lilibebwa na wanaume wanane wenye kutokwa jasho. Mkuu wa ulinzi, Bwana Germain, alimwambia kwa upole kwamba machozi mengine ya namna hiyo yangemrudisha nyumbani moja kwa moja. Nyumbani kulikuwa na mkewe Henriette na watoto, wote wakitegemea ile kofia.

Kwa hiyo adhuhuri moja ya kiangazi, Floribert alipotokea akisukuma mkokoteni, Alphonse alisimama katikati ya njia kabla hajaulizwa kitu. Floribert alikuwa mchomeleaji, mtu wa maneno machache. Juu ya mkokoteni ulilala mtungi mrefu wa oksijeni, ile wanayochomelea vyuma, na kando yake saa ya kupimia mgandamizo.

Alphonse alimwambia arudi. Floribert hakurudi. Alieleza kwamba binti yake, Elikia, ambaye hajaanza hata kutembea, amelazwa kwa homa ya mapafu, na hospitali haina oksijeni tangu iishe shehena ya mwisho kutoka kusini. Daktari mwenyewe ndiye aliyemuuliza kama karakana bado ina mitungi. Stoo haina msimamizi tena, na ofisi ya kutoa ruhusa imefungwa tangu asubuhi.

Alphonse alisikiliza huku akitazama macho yake. Yalikuwa makavu. Hilo nalo likamtia shaka, maana wale wa jeneza walilia, na huyu halii. Atajuaje ni yupi mwongo? Mtungi ule ungepata mnunuzi kabla ya jioni.

"Papa Alphonse," Floribert akasema, "sawa unawaza niko nasema bongo, kamata mukokoteni weye mwenyewe. Minye nitafuata nyuma."

Alphonse hakuwa amelifikiria hilo: kusukuma mwenyewe ili ajionee kama ni uongo. Kuacha lango ilikuwa kosa kubwa kuliko kupitisha mtungi. Akatazama barabara, hakuna gari. Akazungusha mnyororo, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

"Tunaenda bote," akasema. "Lakini sawa ni bongo, minye mwenyewe nitakupeleka ku polisi."

Wakasukuma. Njia ya hospitali ina mwinuko, na gurudumu moja lilikuwa linayumba. Wakapishana na wanawake waliotoka mashambani upande wa Mulungwishi, mahindi kichwani, na Alphonse akasikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba hata huyu mzee mkali naye sasa ameanza kuuza. Aliinamisha kichwa. Moyoni aliona aibu ya mwizi bila kuiba. Kila walipokaribia kichochoro alisubiri Floribert amwombe wapumzike, halafu watokee vijana wa kuuchukua mtungi. Floribert hakuomba kupumzika hata palipostahili. Alisukuma tu, shati limemgandama mgongoni, mpaka ukuta mweupe wa hospitali ukaonekana.

Muuguzi Marlène aliwaona kutoka barazani, akakimbia kuwapokea. Ndani, Mbombo, mama wa mtoto, alikuwa amemwegemeza Elikia kifuani. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu, na mbavu zake zilikuwa zikiingia na kutoka kama mvukuto. Alphonse alipoona mbavu zile, shaka yote ilimtoka, ikaingia hofu nyingine: kwamba pale langoni alikuwa amemchelewesha mno.

Daktari aliunusa ule mtungi, akayasoma maandishi yake. Akasema si hewa ya hospitali, na kama angekuwa na nyingine asingeigusa. Lakini hana nyingine. Floribert akaifunga ile saa ya mgandamizo kwenye mtungi, akafungulia hewa kidogo kidogo huku daktari akimwongoza. Mrija ukapitishwa kwenye chupa ya maji, kisha puani kwa mtoto. Mapovu yakaanza kupanda.

Walingoja. Mbombo alikuwa akisali kwa Kiluba kwa sauti ya chini. Ile rangi ya majivu ikaanza kuondoka pembeni mwa midomo, polepole, hata kila mtu akaogopa kuwa wa kwanza kuisema. Kisha Elikia akakunja uso, akaunyakua ule mrija, akalia kwa hasira. Marlène akacheka. Daktari naye akacheka, akakaa kitandani kwa mgonjwa mwingine.

Hapo ndipo Floribert alipotoa machozi. Alphonse alitoka nje, akaegemea ukuta, akavuta pumzi ndefu. Alifurahi kwamba mtoto amepata nafuu. Lakini kulikuwa na furaha nyingine, ya chini zaidi, ambayo hakuitarajia: kwamba mtu alikuwa amemwambia ukweli.

Aliporudi, gari la Bwana Germain lilikuwa limesimama mbele ya lango lililofungwa, na mwenyewe amesimama mbele ya gari. Alphonse hakujitetea. Alimkabidhi ufunguo, akamweleza yote, akavua kofia na kuishika mkononi, tayari kuitoa.

Germain aliugeuzageuza ufunguo kiganjani.

"Mutoto anapumua?" akauliza.

"Anapumua, shefu."

Germain akafungua kufuli mwenyewe. Akamwambia avae kofia, jua ni kali. Kisha akamuuliza kama kule stoo kumebaki mitungi mingine ya kupeleka hospitali, na Alphonse alipojibu kwamba ipo, alirudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni pa stoo, akashuka kufungua mlango wa nyuma wa gari. Wakaanza kupakia, mkubwa huku na mlinzi huku. Mitungi ilikuwa mizito, na Alphonse alijikuta anatabasamu peke yake kila walipoinua mmoja.