Watoto Wawili wa Mzee Twalib

Bupe alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu, ule mwaka ambao ndugu huacha kuuliza "unamaliza lini?" na kuanza kuuliza "hivi unasomaga nini hasa?" Alikuwa akichunguza jinsi kisukari kinavyorithiwa ndani ya koo. Mama yake, huko Tukuyu, alishalirahisisha jambo hilo: alitangaza kanisani kwamba binti yake anasomea sukari, na waumini wakadhani yuko kiwandani.

Msimamizi wake, Profesa Ansbert, alitaka koo arobaini. Bupe alikuwa na thelathini na tisa alipompata Bwana Sultan, muuza vitambaa wa Temeke. Sultan alikuwa mwembamba kama mita yake ya kupimia, lakini sukari ilimwanza akiwa na miaka ishirini na miwili, na tangu hapo akawa mtu wa sindano kila siku. Baba yake, marehemu Mzee Twalib, naye iliwahi kumwanza vivyo hivyo. Profesa aliposikia hayo alifurahi mpaka ikawa aibu.

"Una ndugu wengine kwa baba?" Bupe aliuliza, kalamu mkononi.

"Sina."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka jingine la vitambaa, na juu yake kibao kilichosomeka "Twalib na Wanawe". Mlangoni alisimama mtu mwenye pua ileile na wembamba uleule.

"Na yule?"

"Yule jirani."

Jirani huyo aliitwa Aiman, mtoto wa mke mdogo wa Mzee Twalib. Yeye na Sultan hawakuwa wamesemeshana kwa miaka kumi na mmoja, tangu wiki ya msiba, walipogombania kibao hicho. Wateja waliendelea kununua kanga pande zote mbili bila kusumbuliwa na historia.

Aiman naye alikuwa na sukari, aliyoiita uchovu. Alikubali kutolewa damu kwa sharti moja. "Mie sina neno, chukua hata chupa nzima. Ila kwenye hiyo karatasi yako, yule usimwandike karibu yangu."

Sultan alikuwa ameshatoa sharti hilohilo. Basi Bupe, mwenye digrii mbili na robo tatu ya nyingine, akashinda kutwa nzima akichora chati mbili za ukoo mmoja, kila moja ikiwa na Mzee Twalib mwenye mtoto mmoja tu. Akazipeleka kwa Shangazi Hayat, dada wa marehemu, azihakiki.

Shangazi alivaa miwani, akaziangalia kwa zamu. "Kumbe kaka yangu alikuwa watu wawili," alisema. "Lete kalamu."

Kwa nusu saa, bila kompyuta, akawaweka watu ishirini na sita kwenye karatasi moja, pamoja na nani aliumwa nini na nani alidanganya.

Majibu ya maabara yalirudi baada ya miezi saba. Ndugu wote wawili walikuwa na hitilafu ileile katika jeni moja, ambayo mtu hurithi kwa mzazi mmoja tu. Mama zao walikuwa tofauti, kwa hiyo ilitoka kwa baba. Habari njema ni kwamba sukari ya aina hiyo mara nyingi hutulizwa kwa vidonge, bila sindano. Kliniki, kwa ustadi wake wa kupanga ratiba, ikawaita wote wawili siku moja, saa moja, benchi moja.

Upande wa Sultan uliamini siku zote kwamba ugonjwa, hata ule wa mzee, uliletwa na halua ya mke mdogo. Upande wa Aiman uliamini ni jicho la mke mkubwa. Daktari alipomaliza kueleza, hapakuwa na mama wa kulaumiwa.

"Baba?" walisema kwa pamoja.

Bupe, aliyeketi pembeni, alijiandaa kushuhudia machozi.

"Mashine imekosea," alisema Sultan.

"Imekosea sana, kaka," alisema Aiman.

Wakatoka pamoja. Wiki iliyofuata ikaja barua: ukoo mzima unajitoa kwenye utafiti. Fomu ya ridhaa iliwaruhusu kujitoa bila kutoa sababu. Wao walitoa, kurasa nne, zote kuhusu heshima ya marehemu.

Bupe alikwenda Temeke kwa hasira. Aliwakuta duka moja, wakinywa chai ya rangi.

"Shikamooni. Vidonge je, mnameza?"

"Marahaba. Tunameza!" Sultan alimvutia kiti. "Sindano nimeacha kabisa. Yule daktari anajua kazi, si kama nyie wa mashine."

Bupe akaeleza kwa dakika kumi kwamba daktari aliyajua yote hayo kutokana na mashine. Walimsikiliza kwa adabu zote.

"Umesema vizuri, sista," Aiman alimjibu, akimmiminia chai. "Ila jina la mzee halikai humo."

Bupe alitaka kukasirika zaidi, lakini Sultan alikuwa amenenepa kidogo na alikuwa anacheka. Akanywa chai.

Jumatatu alifuta majina ishirini na sita. Katika ripoti ya mwezi, chini ya mafanikio, aliandika: "Watu wawili wameacha sindano." Profesa Ansbert alikata sentensi hiyo kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Hili si tokeo la utafiti."

Bupe hakubishana. Kesho yake alikuwa Mbweni, akibisha hodi kwa ukoo mwingine.