Mkonga wa Bonge Moja la Uzi

Nitegulieni hiki kabla sijaanza: ana vichwa viwili na tumbo moja, na kila akitembea anakonda. Ni nani huyo? Fikirini huku mkinisikiliza, maana huyohuyo ndiye aliyetufunga mimi na wifi yangu asubuhi nzima, na nusura amfanye mjukuu wangu kuwa mti.

Ndiyo, mti. Mwaka jana kwenye mchezo wa kuigiza wa shule yao alipewa kuwa mti. Alisimama nyuma kabisa na matawi ya maboksi, mikono juu, na hata pua ilipomwasha hakujikuna. Aliporudi nyumbani akaniambia, "Bibi, mti hausemi kitu." Mwaka huu wakamchagua kuwa tembo. Tembo anasema! Tena ana maneno yake mwenyewe: "Nimekunywa mto mzima na bado nina kiu!" Maneno hayo tuliyasikia bafuni, mezani, kitandani. Hata viti vya nyumba hii vingeulizwa, vingejibu.

Basi mwalimu akampa mkonga wa karatasi aje nao nyumbani kufanya mazoezi. Mtoto akautumbukiza kwenye ndoo ya maji, aone kama unakunywa kweli. Ulikunywa. Ulikunywa mpaka ukawa tope. Mwalimu akasema pasipo na mkonga hapana tembo, mchezo ni kesho mchana, na nafasi ya mti bado iko wazi.

Mtoto alilia mpaka kwikwi zikawa zinamrusha. Nikamfuta machozi nikamwambia, "Nyamaza, mama. Mkonga nitaufuma."

"Tutaufuma," akadakia wifi yangu kutoka kwenye kiti chake.

Hapo ndipo matatizo yalipovua viatu yakaingia ndani.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Alikuja kutusalimia kwa wiki moja akiwa na begi moja. Begi limeshachakaa, yeye bado yupo, na Mungu anibakizie, maana nani mwingine nitamtania? Sote tunapenda kufuma kwa zile sindano zenye kulabu kichwani, ila mikono yetu haijawahi kuelewana. Yeye anakaza. Kofia aliyonifumia niliivaa mara moja nikaona nyota mchana. Mimi nalegeza. Soksi nilizomfumia anasema anahifadhia vitunguu. Ndiyo maana mjukuu wetu anamwita yeye Bibi Kaza na mimi Bibi Legeza, na sote tunaitika.

Kesho yake asubuhi tukamchukua mtoto tukaenda kwa muuza nyuzi.

"Sufu," akasema wifi kabla hata ya salamu. "Sufu inasimama."

"Itamwasha pua."

"Umemwona wapi tembo anayewashwa? Ana ngozi nene."

"Huyu tembo ana ngozi ya miaka saba, wifi."

Mtoto akaipaka sufu shavuni, akapiga chafya mpaka vifungo vya mezani vikatawanyika. Sufu ikarudi rafuni. Mimi nilitaka pamba. Wifi akaunyanyua uzi wa pamba, akauachia ukaning'inia kama ulimi wa ng'ombe aliyechoka. "Mkonga wako huu," akasema, "utafika jukwaani kabla ya tembo mwenyewe." Ile nailoni nayo iliteleza kama sabuni na kumetameta, mtoto akakataa, akasema tembo hamemeti. Mwishowe muuza nyuzi akaingia chini ya meza, akatoka na vumbi kichwani na bonge moja la kijivu, pamba iliyochanganywa na sufu, laini kama sikio la paka.

"Ni la mwisho," akasema. "Mwenzake hayupo."

Bonge moja, mabibi wawili. Lakini bonge la dukani, kama mnavyojua, lina ncha mbili: moja iko nje, nyingine imejificha tumboni. Aliyetegua ajipongeze. Wifi akachokonoa tumbo la bonge akatoa ncha yake, mimi nikashika ile ya nje.

"Mimi naanza kule chini kwenye wembamba," akasema, "kwa sababu mkono wangu una adabu. Wewe anza usoni, penye upana, ulegeze utakavyo. Tutakutana katikati."

Tulijiona werevu mpaka tukapeana mikono.

"Na masikio?" akauliza mtoto.

"Pua kwanza!" tukajibu pamoja.

Tulikaa kwenye kochi, huyu huku, huyu kule, bonge ndani ya beseni katikati yetu. Tukaanza kufuma, na kufuma kukageuka mashindano. Nikisikia kulabu yake inaenda *ti-ti-ti*, naongeza mwendo. Akinisikia nimeongeza, anauma mdomo. Bonge lilikuwa linarukaruka kwenye beseni kama panya aliyesikia muziki. Hakuna aliyeinua macho.

Nikainuka kidogo kuzima jiko. Nilichomoa kulabu, nikaweka mkonga wangu juu ya mto. Niliporudi, mkonga ulikuwa mfupi.

"Wifi, umeushika huu?"

"Nani ana muda na mkonga wako? Labda umejilegeza wenyewe, umerithi kwa mama yake."

Nikafuma upya. Mara simu ya wifi ikalia. Yeye akiongea na simu lazima asimame uani apige kelele, kana kwamba simu haipo. Akaiacha kazi yake. Mimi hapo nikafuma kama mashine, nikajua leo namwacha mbali. Akarudi, akaushika wake, akauangalia kwa juu ya miwani, halafu kwa ndani ya miwani.

"Umenifumua."

"Mimi?"

"Kulikuwa na mizunguko mingi hapa! Imekwenda wapi? Mwizi wa vitanzi wewe!"

"Mwizi ni wewe uliyeanza nilipokuwa jikoni!"

Mjukuu wetu alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kidevu mikononi, anatuangalia. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma ubaoni: "Bibi Legeza akifuma, wa Bibi Kaza unafumuka. Bibi Kaza akifuma, wa Bibi Legeza unafumuka. Kwenye beseni hamna kitu."

Tukatazama. Beseni tupu! Uzi umenyooka kutoka kwenye mkono wangu mpaka kwenye wake, kama kamba ya kuanikia nguo. Bonge liliisha zamani, nasi muda wote huo tulikuwa tunafumuana. Wifi alianza kucheka kwa pua, mimi nikacheka kwa tumbo, miwani yake ikadondokea kwenye beseni, na hapo tukashindwa kabisa kukaa wima.

Lakini kati ya nusu yangu na nusu yake palikuwa na pengo la kiganja, na uzi uliobaki haukutosha kuliunganisha.

"Fumua kidogo tupate uzi," nikamwambia.

"Fumua wewe. Vyako vimelegea, vina uzi mwingi ndani."

"Vyako vimebanwa, vikifumuliwa vitapumua."

"Sijawahi kufumua mbele yako, sianzi leo."

"Na mimi hivyohivyo."

Basi tukakaa, kila mmoja ameshika chake kama mtoto mchanga. Tukasikia viatu vinavaliwa mlangoni. Mtoto alikuwa anafunga kamba polepole. "Basi nitakuwa mti," akasema. Hakulia. Sauti ilikuwa ndogo hata ingetosha kwenye kikombe.

Sijui nani alivuta wa kwanza. Nilisikia tu *frrrr* mkononi mwangu na *frrrr* mkononi mwake, na uzi ukamwagika magotini kwetu, umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kusukwa.

"Twende!" wifi akapiga kelele. "Tutaunganisha njiani!"

Mngetuona barabarani! Mtoto katikati, mkonga shingoni kwake, mabibi pembeni na kulabu zao, tunafuma tunatembea. Kinyozi akatoka nje na mashine inalia mkononi. "Mabibi, mmevua samaki gani?"

"Tembo!" tukamjibu, wala hatukusimama.

Tulifika nyuma ya pazia la shule, mchezo umeshaanza. Tukamfunga mtoto mkonga kwa mpira nyuma ya kichwa. Wifi akawa anaunganisha upande wa kushoto, mimi wa kulia. Bado kidogo. Bado kidogo sana. Mara mwalimu akaita: "Na huyo anakuja... tembo!"

Tembo akaenda! Hakusubiri mtu. Tungeachia kulabu, mkonga ungekatika vipande viwili mbele ya wazazi wote. Kwa hiyo tukaenda naye, tumeinama, kulabu mkononi, kandambili zangu zinapiga *pa-pa-pa* jukwaani.

Mwalimu akashika kichwa. Mjukuu wangu akamtazama wifi kushoto, akanitazama mimi kulia, kisha akawageukia watu.

"Haya ni masikio yangu," akatangaza.

Ukumbi ulilipuka. "Pepea, wifi, pepea!" Bibi Kaza akaninong'oneza, naye ameshaanza kupunga mkono wake ulio huru. Nikapepea. Tulipepea kwa nguvu zote mpaka mtandio wangu ukaniteleza. Na katikati ya vicheko vile mtoto akasubiri watu watulie, akainua mkonga na sisi tukainuka nao, akasema kwa sauti iliyofika mpaka getini: "Nimekunywa mto mzima na bado nina kiu!"

Hapohapo wifi akapiga fundo la mwisho. Alilikaza, bila shaka. Mpaka leo fundo lile halijafunguka.

Siku hizi nikipita mtaani watoto ndio wananitega mimi: ni mnyama gani masikio yake yanavaa miwani na yanagombana? Nami najifanya sijui.

Mwaka ujao mjukuu wetu anasema anataka kuwa pweza. Wifi ameshaanza kupiga hesabu ya mikono. Mimi napiga hesabu ya mabibi.